Malalamiko Dhidi ya Nchi Zote Zinazotengeneza Magari

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Magari,
Gazeti la Jumamosi.

Ndugu Mhariri,

Kuhusu: Makala yako iliyobandikwa kwenye friji letu

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wapiga chapa wako, pamoja na yule mchoraji wa katuni za pembeni, ingawa magari yake huwa na matairi yasiyolingana. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja ambalo umetuletea wewe mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko mbele ya nyumba yangu, na gazeti lako nimelisoma miaka mingi, kwanza kwa ajili ya habari, kisha kwa kukatia vipimo vya makoti. Sijawahi kukulalamikia, hata ile wiki mlipochapisha ukurasa wa michezo miguu juu. Lakini Jumamosi iliyopita uliuliza kwa herufi kubwa kama nchi lilikotengenezwa gari inapaswa kumshawishi mnunuzi, na chini yake ukajijibu mwenyewe, bila haya, kwamba haipaswi. Ukasema mtu aangalie kama spea zinapatikana, kama fundi yuko karibu, kama breki zinashika, na barabara atakayopita ni ya namna gani. Nchi, ukasema, ni hadithi za vijiweni.

Binti yangu aliikata makala hiyo kwa mkasi wangu wa vitambaa, mkasi ambao hata mama yake haruhusiwi kukatia karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Tangu siku hiyo sijafungua friji kwa amani.

Binti mwenyewe ni mkunga. Ndiye kitinda mimba wetu. Wenzake wote walishaondoka, wanalea kwao. Sasa amepewa kuongoza wodi ya wazazi katika kituo cha afya kilicho mbali sana na hapa, kule ambako lami inaishia na vumbi linaendelea peke yake. Wamemwambia aje na usafiri wake, maana mama mwenye uchungu hasubiri mtu atafute lifti. Asipopata gari kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi hiyo atapewa mwingine, na yeye atabaki hospitali ya hapa mjini, anakokwenda kwa miguu na kurudi mchana kula nyumbani. Haya nakueleza ili ujue mazingira tu. Hayahusiani hata kidogo na malalamiko yangu, ambayo ni ya kitaalamu.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Umedharau asili. Katika familia yetu, akija mtu na posa hatumuulizi kama breki zake zinashika. Tunauliza kwao ni wapi, tunatuma watu wakachunguze, na majibu yakichelewa tunatuma wengine wakawachunguze wale wa kwanza. Sikuona sababu gari liingie nyumbani kwangu kwa utaratibu mwepesi kuliko mkwe, wakati mkwe hakukoseshi usingizi kwa matairi yake. Nikamtuma jirani yetu, dereva mstaafu wa lori ambaye mtaa mzima tunamwita Breki, aende kwa dalali wa magari na maswali yangu. Je, kwao wana ugonjwa wa kuchemka? Katika ukoo wake kuna wenye tabia ya kuzimika njiani? Na ndugu zake walioingia nyumba za mtaa huu wanaishije na wenyeji wao? Breki alirudi akasema dalali amecheka mpaka amekalia ndoo ya maji. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Walisema pia ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa bahati mbaya hawakusema vimeundwa wapi, na pengo hilo ndilo ulilopenyea wewe.

2. Gari la kwanza lilikuwa la Ujerumani. Sina ugomvi na Wajerumani. Dalali alilisifu kwamba ni zito, halipepesuki, na kwamba mlango wake ukiufunga unajua umefunga mlango. Nikaufunga. Ni kweli. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Gari la watu wanaosifika kwa kufika kabla ya saa litamzoeza binti yangu kuondoka kabla ya saa, na nyumbani kwetu mtu haondoki hivi hivi. Anaaga, anakumbushwa sweta, anarudi kuchukua alichosahau, anaaga tena, anaulizwa kama amekula, halafu ndipo anaanza kuondoka. Haraka haraka haina baraka, na gari lile lilionekana kuwa na haraka hata likiwa limeegeshwa. Nilimwambia binti kwamba mlango una ukali. Hakunibishia, aliandika kitu kwenye simu yake, akamwomba dalali atuonyeshe jingine.

3. Gari la pili lilitoka Japani, la mtumba lakini safi, na kitambaa cheupe bado kimetandikwa kwenye viti. Tulipanda kulijaribu, binti kwenye usukani, dalali pembeni yake, mimi na mke wangu nyuma. Alipoliwasha tu, mwanamke asiyeonekana akaanza kuzungumza Kijapani kutoka ndani ya dashibodi, kwa adabu kubwa, maneno marefu. Mimi, kwa malezi niliyopewa, nikaitika marahaba. Mke wangu alicheka njia nzima.

Lakini nakuuliza kwa dhati, Ndugu Mhariri: mama yule alikuwa akisema nini? Dalali anadai alikuwa akikumbusha kadi ya kulipia barabara za kwao. Dalali amejuaje? Huenda alikuwa anasema gurudumu la nyuma limelegea. Huenda ana ujumbe kwa mwenye gari wa zamani, na sisi tunaukalia. Mwanangu atapita barabara ndefu peke yake, na mtu pekee wa kuzungumza naye atakuwa mama wa watu ambaye hatumjui kwao wala hatuwezi kumjibu. Niliomba aletwe mkalimani kabla ya mazungumzo ya bei. Ombi langu halijajibiwa mpaka leo.

4. Gari la tatu lilikuwa la Uchina, jipya, lina kioo cha kugusa pale mbele ambacho ukikigusa kinakuonyesha nyuma. Kabla ya kutoa uamuzi nilifanya ukaguzi wa nyumba, kama mtu yeyote makini angefanya. Nikageuza chupa ya chai: Uchina. Nikageuza tochi: Uchina. Mwavuli, saa ya ukutani, kandambili za mke wangu, futi yangu ya kupimia, hata sumaku iliyoishika makala yako, vyote vya huko. Nikalisogeza friji kwa msaada wa Breki, na mgongo wake nao ukatoa ushahidi uleule. Breki akasema basi hiyo ndiyo sifa yao, kwa kuwa vyote hivyo vinafanya kazi. Mimi nikaona kinyume. Ukiacha cherehani yangu, ambayo nitaieleza hapo chini, kitu pekee katika nyumba ile ambacho hakikutoka Uchina ni watu wake, na ndicho kitu pekee kinachopanga kuondoka. Sasa nikiwaongezea na chombo cha kuwabebea, nitabaki na nini? Na saa ya ukutani?

5. Hapa naomba usome taratibu. Gari la nne lilikuwa dogo, la India, na dalali alijisifia nalo kwamba halinywi mafuta. Ukijaza tangi, alisema, unasahau hata kituo cha mafuta kiko upande gani. Mke wangu alipiga makofi. Mimi nilishtuka. Gari linalokunywa sana lina faida moja kubwa ambayo hujawahi kuiandika katika ukurasa wako, nayo ni kwamba haliendi mbali. Mwenye nalo hufika kona, akatazama mshale, akafikiria maisha, akageuza. Gari lisilokunywa halina sababu ya kusimama. Litaupita mji, litaipita lami, litaingia vumbini, na mshale bado uko juu umesimama tu. Mamlaka zinazojali familia zingeyapiga marufuku magari ya namna hiyo, au angalau kuyatoboa tangi kidogo kabla hayajaingia sokoni. Nilipomshauri dalali afanye hivyo kwa hiari yake, aliniuliza kwa upole kama nimekula.

6. Kufika hapo dalali alikuwa amechoka nasi. Akasema kwa kuwa shida ya Mzee ni nchi, yeye analo gari lisilo na nchi. Injini imetoka nchi moja, bodi nchi ya pili, viti vya tatu, nyaya za nne, na vyote vikaunganishwa nchi ya tano ambayo mchango wake mkubwa ulikuwa rangi. Mke wangu akasema huyo sasa ni ndugu wa kila mtu, tumchukue. Mimi nikauliza, siku likimwacha mwanangu porini, na mama mjamzito anamsubiri upande wa pili, nimlalamikie nani? Wa injini atasema ni nyaya. Wa nyaya atasema ni waliounganisha. Waliounganisha watauliza kwani rangi haing'ai? Mzigo wa wengi hauna mwenyewe, na mtoto wangu ana mwenyewe.

7. Baada ya uchunguzi huo wote nimefikia kanuni, na ninaitoa bure kwa wasomaji wako. Cherehani yangu ilitengenezwa katika nchi ambayo siku hizi haipo. Ilikuwapo nilipoinunua; baadaye ilikorofishana yenyewe kwa yenyewe, ikagawanyika, jina likaondolewa kwenye ramani. Nchi imevunjika, cherehani haijavunjika. Imeshona sare za shule za watoto wangu wote. Imeshona na gauni jeupe la kwanza la huyu mkunga, nililolirudia upya kwa sababu nilikuwa nimelikata kwa kipimo cha mtoto wa shule. Sikuwa nimeona kwamba amekua.

Kanuni, basi, ni hii: nchi inayofaa mtu kununua gari lake ni ile isiyokuwapo tena, kwa kuwa haina tena nafasi ya kujiharibia jina. Breki akakumbuka kwamba liko gari la nchi ya namna hiyo nyuma ya nyumba ya fundi rangi, ambalo kuku hutagia kwenye viti vyake vya nyuma. Nikaenda kulikagua. Bodi nzima, vioo vipo, limesimama imara tangu lilipowekwa. Injini halina. Hilo la injini mimi nililihesabu upande wa usalama, nikarudi nyumbani mbio kumpa binti habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

8. Umenikosesha jibu mbele ya mwanangu. Jioni ya siku hiyohiyo aliweka sufuria chini, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

“Baba,” akasema, “taja nchi moja. Yoyote. Gari lake nitalitafuta mpaka nilipate.”

Nilifungua mdomo. Nimesoma ukurasa wako miaka yote hiyo, nchi za magari nazijua kama ninavyozijua saizi za kola, lakini hakuna hata moja iliyokubali kutoka. Nikasema nitamjibu kesho. Nikaingia kibandani, nikatoboa matundu ya vifungo kwenye koti la mteja aliyetaka zipu.

Mke wangu alinifuata, akasimama mlangoni na kanga yake begani. “Baba watoto, wewe huna neno na Mjerumani wala Mjapani,” akaniambia. “Neno lako ni na ile barabara.”

Nalikanusha hilo hapa kwa maandishi. Ni kweli kwamba nyumba yetu ina vyumba ambavyo siku hizi tunavifungua ili kuvifagia tu. Ni kweli kwamba saa za mchana geti likilia nasimamisha cherehani kabla sijajua kuwa nimeisimamisha. Ni kweli nitamkosa mwanangu, tena sana, na kwamba barabara ile naiogopa, nimeipita mara moja zamani nikielekea msibani na sijaisahau. Lakini hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Hoja yangu mimi ni ya nchi, na nasimama palepale.

Kwa sababu hizo naomba mambo machache, na sidhani kama nimevuka mpaka.

Kwanza, Jumamosi ijayo uchapishe sahihisho, useme kwamba nchi ya utengenezaji ndiyo kila kitu, na kwamba mmezipitia nchi zote zilizopo duniani na hakuna hata moja iliyofuzu mwaka huu. Sahihisho liwe na upana na urefu uleule wa makala ya kwanza, ili nikilibandika juu yake ukingo wa chini usichungulie. Vipimo nimeviambatisha.

Pili, uandike kuhusu faida za kutembea kwa miguu, hasa kwa wakunga, hasa kwa wakunga wanaokaa karibu na hospitali, hasa kama njiani kuna kibanda cha fundi cherehani ambapo mtu anaweza kupumzika akanywa maji.

Tatu, kama hayo mawili yatashindikana, utumie heshima ya gazeti lako kuomba kile kituo cha afya kisogezwe mpaka mtaani kwetu. Kipo kiwanja kitupu nyuma ya kinyozi. Akina mama wa kule watafurahi kuwa karibu na maduka, na mimi niko tayari kuwashonea mapazia ya wodi nzima bila malipo. Najua wewe ni mhariri wa magari na si wa majengo, lakini aliyewasha moto ndiye anayejua ndoo ilipo.

Usipotekeleza hata moja, nitalazimika kuhamia lile gazeti jingine, ambalo nasikia karatasi yake ni nzito na haichaniki kwenye kwapa la koti.

Nisamehe kwa kukuchosha macho. Nisalimie wapiga chapa wote, msahihishaji, na yule mama anayewapikia chai hapo ofisini, kwa sababu najua pasipo yeye hakuna gazeti. Mke wangu anakusalimu, ingawa hajaisoma barua hii. Breki anakusalimu, na anauliza lini mtaandika kuhusu malori. Ukikutana na dalali wetu wa magari katika shughuli zako, naye msalimie. Mwambie Mzee wa maswali hana kinyongo.

Wako katika ujenzi wa jamii inayojua asili ya mambo,

Fundi Cherehani,
msomaji wako, kwa sasa.

Baada ya sahihi: Barua hii ilikaa chini ya pasi ya mkaa ikisubiri stempu, na mambo yameipita. Gari limeshanunuliwa. Aliyelichagua ni mke wangu, kwa kukaa katika kila kiti, kukanyaga breki mpaka dalali akaomba poo, na kumpigia simu fundi wa gereji iliyo karibu na kituo cha afya, ambaye alisema analijua na spea zake zipo. Yaani amefuata makala yako neno kwa neno, na huyo ni mtu nimekula naye sahani moja miaka yote hii.

Ni la kijivu. Juzi asubuhi binti yangu alinikalisha mbele, akanifunga mkanda mwenyewe, tukaenda kukiona kituo. Tulifika lami inapoishia, tukapita, na mimi nilikuwa nimeshika mpini wa mlango njia nzima. Kituoni tulimkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi la nje, mkono kiunoni. Alipoona anayeshuka amevaa gauni la mkunga alishusha pumzi, na uso wake wote ukalegea. Mwanangu akaacha mlango wa gari wazi, akamwendea, akamwingiza ndani. Nikaufunga mimi. Sijui alimwambia nini kule ndani, lakini nilikaa kwenye benchi lile nikijua kwamba siwezi tena kumwomba mtu akisogeze kituo.

Mlangoni mwa gari kipo kibati chenye jina la nchi. Mke wangu alitaka kunisomea, nikamwambia aache. Njiani kurudi nilimuuliza binti swali moja tu, kama gari hili litamrudisha nyumbani kila mwisho wa mwezi.

“Litanirudisha, Baba,” akasema.

Basi malalamiko yangu yote nayafuta, na usichapishe kitu. Ila kama gazeti lenu lina njia ya kuwafikia waliolitengeneza, wawe wa nchi yoyote ile, wafikishie salamu za baba mmoja, na uwaulize kwa adabu kama siku ile walikaza bolti zote.